YAH: Makosa ya CRC (data kufika ikiwa imeharibika) kwenye laini yetu ya faiba ya gigabiti 10

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

Kitengo chenu cha ufundi kimefunga tena tiketi yetu kwa sentensi ileile: "Laini ipo hewani, upande wetu hauna makosa." Kauli hiyo siipingi. Napinga mnachokihitimisha kutokana nayo.

Laini hii ina nyuzi mbili, mmoja wa kutuma na mwingine wa kupokea. Fremu, yaani kifurushi cha data, ikiharibika njiani, anayeigundua ni mpokeaji, maana yeye ndiye anayekokotoa CRC, yaani namba ya kuhakiki data, na kuilinganisha na ile iliyokuja na fremu. Uzi unaotoka kwenu kuja kwetu ukiwa mbovu, makosa yataonekana kwenye kiolesura (mlango wa mtandao) cha kwetu, na chenu kitaendelea kuonyesha sifuri. Sifuri hiyo inathibitisha tu kwamba uzi wa kutoka kwetu kwenda kwenu ni mzima, na huo hatujawahi kuulalamikia. Sikutarajia kampuni inayouza faiba ielezwe hili na mteja.

Vipimo tuliwatumia. Moduli yenu, kifaa cha kutuma na kupokea mwanga, inarusha mwanga kwa −2.1 dBm (kipimo cha nguvu; kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, mwanga ni hafifu zaidi), na kwetu unafika ukiwa −16.8 dBm. Moduli zote mbili ni za 10GBASE-LR, aina ya gigabiti 10 kwa umbali wa hadi kilomita 10, na kwa aina hiyo nguvu ya chini inayokubalika kwa mpokeaji ni −14.4 dBm. Karibu dB 15 zinapotelea njiani, wakati kwa njia nzima ya kilomita 10 upotevu unaoruhusiwa ni dB 6.2, na njia yetu haifiki hata nusu ya umbali huo. Urefu wa waya hauwezi kumeza mwanga kiasi hicho. Ama kuna konekta chafu, ama uzi umekunjwa mno ndani ya kabati, ama konekta ya kijani ya APC, yenye ncha ya mshazari, imekutanishwa na ya bluu ya UPC, isiyo na mshazari. Fundi wenu alibadilisha moduli, kisha akachomeka waya uleule bila kuufuta ncha wala kuutazama kwa darubini. Moduli mpya, uchafu wa zamani.

Halafu akafuta kaunta, yaani hesabu ya makosa inayotunzwa na kifaa. Ushahidi wote ukaenda, na hakuna aliyeunakili kwanza. Usiku akapima kwa ping (jaribio la kutuma ujumbe mfupi na kusubiri jibu), asubuhi tukaambiwa mambo ni shwari. Usiku fremu ni chache, hivyo za kuharibika nazo ni chache. Tena ping ya kawaida hubebwa na fremu ndogo. Fremu kamili ya baiti 1,518 ina biti zaidi ya mara 20 ya ile ndogo kabisa ya baiti 64, na kila biti ni nafasi nyingine ya kosa. Mchana, watu wakihamisha mafaili makubwa, kaunta inapanda mbele ya macho yetu.

Ruta iliyo kwetu mnaisanidi ninyi, na nywila hatuna. Kwa usanidi wa sasa inatoa tahadhari pale tu kiolesura kinapozima. Nguvu ya mwanga unaopokelewa haifuatiliwi, ingawa moduli yenyewe inaitangaza. Kaunta ya makosa ya kupokea nayo haina kizingiti cha kutoa tahadhari. Laini inaweza kuugua hivi mwaka mzima na skrini zenu zikabaki kijani.

Tunataka konekta zote za njia hii zisafishwe na kukaguliwa kwa darubini, njia ipimwe kwa OTDR (kifaa kinachoonyesha mwanga unapotelea wapi kwenye uzi), na tupewe vipimo vya mwanga vya ncha zote mbili, kabla na baada ya kazi. Tahadhari za nguvu ya mwanga na za kasi ya makosa ziwekwe pande zote mbili, nasi tupewe ruhusa ya kusoma kaunta kwa SNMP, njia ya kusoma taarifa za vifaa vya mtandao kwa mbali. Kaunta isifutwe tena kabla ya kunakiliwa.

Ada ya kipindi chote ambacho laini imekuwa chini ya ubora wa mkataba tunadai irejeshwe. Tiketi hii isifungwe bila idhini yetu ya maandishi.

Msimamizi wa Mtandao
Kwa niaba ya mteja