Ungo wako bado uko kwangu

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Sijui nianzie wapi, basi naanzia kwenye ungo. Ule uliokuja nao siku ya kuchambua mchele bado uko kwangu, umetundikwa nyuma ya mlango wa jiko, na upande mmoja ukingo umefumuka. Si panya. Ni mimi, niliutumia. Miaka yote hii nilijiambia ukiutaka utamtuma mtoto aufuate. Halafu nakumbuka mtoto mwenyewe ndiye yule niliyemkataza kukanyaga kwangu.

Juzi nilimwona. Nilishuka Kibirizi kununua dagaa, kijana mmoja akauwahi mfuko wangu kabla sijauinua. "Shikamoo, Mwalimu." Zamani aliniita Mama. Akanibebea mpaka kwenye bajaji, nikampa elfu mbili akakataa huku anacheka. Akaniambia siku hizi uko Urambo kwa dada yako, na magoti yanakusumbua. Dereva aliniuliza mara mbili twende wapi, nami nimeishika tu ile noti.

Nakuandikia hapa, kila mtu asome, kwa sababu nilikuvunjia heshima mbele za watu. Kukuomba radhi chumbani ningeona nimekudhulumu tena.

Unaujua ule mwembe, sina haja ya kuueleza. Magunia mawili ya mchele wa arusi, sisi kina mama tumenyoosha miguu kwenye mikeka. Asubuhi ile nilikuwa nafua suruali ya shule ya mwanangu, mfukoni nikakuta viroba viwili vya pombe kali. Ilikuwa 2016, havijapigwa marufuku bado (vilikatazwa Machi 2017), vinauzwa dukani pamoja na pipi. Na kipande cha gazeti kimesokotwa, ndani bangi. Mtoto wa kidato cha pili! Nilipombana akasema si vyake, amemshikia mwenzake. Jina alilotaja ni la mwanao, na mimi sikuuliza swali la pili.

Basi pale mkekani mmoja akasema watoto wa siku hizi wameharibika. Nikajibu, macho yangu kwenye mchele, "Samaki mmoja akioza huoza wote, na huyo samaki sisi wengine tunapakana naye ukuta." Kila mtu alielewa. Ulipepeta mara mbili, tatu, ukauweka ungo chini na mchele ndani yake, ukasema taratibu, "Nani kakwambia aliyeoza ni wangu?" Ukajifunga kanga ukaondoka.

Mchele wako niliumalizia mimi. Ulikuwa na mawe mawili tu.

Mwaka jana shuleni walinipa kazi ya ushauri nasaha, ikabidi nisome. Kuna utafiti mkubwa ulioanza Marekani mwaka wa masomo 1994-95. Wanafunzi waliulizwa majina ya marafiki zao, mpaka wavulana watano na wasichana watano. Ukiwa na majina unaweza kuchora: kila mtoto duara, na mshale unatoka kwa aliyetaja kwenda kwa aliyetajwa. Wanaochunguza michoro ya namna hii wanasema marafiki hufanana kwa njia mbili. Mtoto huiga wenzake, ndiyo, ila mvutaji naye humtafuta mvutaji mwenziwe. Ukiwakuta wawili kijiweni wanapokezana msokoto huwezi kujua nani kaanza, labda uwe umewafuatilia tangu kabla hawajajuana. Mimi nilijua kwa suruali moja.

Usiku nikachukua daftari nikachora wa kwetu. Mwanao, wangu, yule wa muuza mawese, mapacha, na yule golikipa mrefu. Nikajiuliza, walikuwa wakipita kwa nani kwanza jioni? Nani alikuwa na hela ya kuwanunulia wote? Nilikuwa nampa mwanangu nauli kila siku, naye anatembea kwa miguu. Mishale yote ikaishia kwake. Mwanao alikuwa na mmoja tu unaotoka, na ulikwenda kwa wangu.

Nikampigia simu Dodoma nikamwuliza. Alinyamaza sana, kisha akasema, "Mama, si ulishajua?"

Sikujua. Au nilijua kama anavyojua mtu aliyeamua kutotazama. Lakini ungekuwa wewe, ungefanyaje? Mume yuko Mpanda, mimi ni mwalimu, wazazi wananiletea watoto wao niwaonye, halafu wasikie wangu anavuta? Nilimhamishia bweni Kasulu, na bwenini akaacha. Kwa hilo sikuombi radhi. Mzazi yeyote akiniuliza leo, nitamwambia ajue marafiki wa mwanawe kwa majina, na ikibidi amtoe. Nilimtoa wangu, akapona.

Wako ndiye aliyebaki. Wale kina mama wengine walinisikia mkekani, na wiki ile ile kila mmoja akamkataza wake kuandamana naye. Nimesoma pia kazi ya watafiti wawili wa huko huko Marekani, ya 1993, kuhusu sigara kwa wanafunzi wa darasa la tisa: wasio na kundi lolote walikuwa wavutaji zaidi ya wale wenye kundi lao. Hapo nikalifunga daftari. Mtoto wa miaka kumi na tano, hana wa kumpitia jioni, akashuka ziwani. Na wewe unajua Kibirizi ilivyo mbalamwezi inapowaka, mitumbwi ya dagaa haiingii majini, wanaume wazima wamekaa na hela na gongo hawana la kufanya. Walimkaribisha. Mimi nilimfungia mlango.

Lakini na wewe, shoga. Wewe ulijua! Wangu alikula kwako kuliko alivyokula kwangu, harufu ilikupitia puani kila siku. Kwa nini hukuniambia kabla ya ule mwembe? Usiseme ningekufukuza. Ningekufukuza, ndiyo, ila ungekuwa umeniambia. Umeishi na jibu lako miaka yote hiyo, ukaniacha nijione mlezi bora wa Ujiji nzima.

Na msiba wa mama yangu hukuja. Ulileta sukari kilo tano kwa mkono wa mtu, bila jina, ukadhani siujui mfuko wako wa ukili wenye mshono mwekundu. Nilikaa nao ndani nikalia, watu wakadhani namlilia mama tu.

Mwanao anaonekana mzima. Macho yake yametulia, mikono imekomaa kwa kamba. Sikumwuliza chochote, sina haki hiyo.

Ungo nitampelekea yule mzee wa sokoni auzungushie ukingo mpya, kasema Alhamisi. Mwezi ukikaribia kujaa hawataingia ziwani, nitashuka Kibirizi nimwombe mwanao akuletee kwa treni, na dagaa kidogo juu yake. Akikataa kunibebea mara ya pili, nitapanda mwenyewe mpaka Urambo. Niambie tu nyumba ya dada yako iko upande gani wa stesheni.