Waandishi wetu, itajeni Nakuru kwa jina lake

Mhariri,

Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru, na kibanda changu kiko mtaa wa Kaptembwo. Kazi yangu ina misimu. Shule zinapofunguliwa sipati hata nafasi ya kunywa chai kwa sababu ya sare, lakini katikati ya muhula kuna siku ambazo naweza kukaa tangu asubuhi nikingoja mteja mmoja wa kubadilishiwa zipu. Siku hizo ndizo zilizonifanya msomaji. Tangu mwaka jana nimemaliza riwaya sita za Kiswahili. Tatu ni za wanangu, walizosoma shuleni, na nyingine nimezinunua kwa muuza vitabu vikuukuu anayetandaza mali yake kando ya njia mjini. Ninaandika kwa sababu kuna jambo moja katika riwaya hizi, nalo ni nchi za kubuni zinazowekwa mahali pa miji yetu, ambalo limekataa kunitoka moyoni, na sijaliona likijadiliwa katika gazeti lako, ambako riwaya hutajwa zaidi wakati wa kuwaandaa watahiniwa.

Nilianza na Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Kifungua mimba wangu aliisoma akiwa shule ya upili, akaniachia nakala iliyojaa mistari ya kalamu, na pembeni ameandika “maudhui” na “mbinu” kila ukurasa. Niliiweka juu ya meza ya cherehani nikidhani nitaisoma huku nikikanyaga. Haikuwezekana. Pale mwanzoni, Ridhaa anapokumbuka mkewe Terry na watoto walivyoteketea ndani ya nyumba, na kwamba aliyehusika ni Mzee Kedi, jirani wa miaka mingi, niliacha kukanyaga, nikafunga mlango wa kibanda saa nane mchana. Majirani walidhani nimefiwa.

Mhariri, mwaka 2008 nilikuwa nikiishi Free Area, mtaa mwingine wa Nakuru. Mimi ni Mmaragoli kutoka Vihiga, na wakati huo nilikuwa na miaka kumi Nakuru. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoharibika na ghasia za kikabila kuanza, sisi wa mjini tulidhani mambo yataishia Eldoret na Kisumu. Kisha ikafika ile wiki ya mwisho ya Januari. Tulitoka usiku na watoto wawili, mmoja mgongoni, tukaishia uwanja wa Afraha, tukalala chini pamoja na watu wengine ambao hatukuwajua. Nyumba yetu ilichomwa. Nchini kote watu zaidi ya 1,100 waliuawa kabla ya mkataba wa amani wa Februari 28, kwa hiyo mimi niliyepoteza vyombo na kitanda nahesabiwa katika waliobahatika, na nakubali. Siku ya tisa mwanamke mmoja Mkikuyu, tuliyekuwa tukichota maji bomba moja, alifika pale uwanjani na kijana wa mkokoteni. Juu ya mkokoteni, chini ya gunia la mkaa, kulikuwa na cherehani yangu. Alikuwa ameiingiza kwake kabla ya moto kufika. Hakukaa hata dakika tano, maana kuonekana pale kulikuwa hatari kwake, na kurudi na kuulizwa alikotoka kulikuwa hatari zaidi.

Kwa hiyo ninaposema kwamba sura ya kwanza ya Chozi la Heri ni ya kweli, ninasema kama mtu aliyenusa moshi wenyewe. Bi. Matei anajua jinsi mtu anavyorudia kujiuliza kosa lake ni nini, na jinsi kumbukumbu zinavyokuja bila mpangilio, harusi kabla ya moto, moto kabla ya kiamshakinywa. Namshukuru kwa hilo.

Lakini nchi yenyewe inaitwa Wahafidhina. Hapo ndipo niliposikia kitu kikichanika. Mwandishi amenishika mkono hadi mlangoni pa nyumba yangu iliyoungua, kisha ananiambia nyumba hii si yako, ni ya nchi nyingine. Nilitafuta kurasa zote Nakuru yangu, Naivasha, Burnt Forest, hata jina la mto au barabara ninayoijua, nikakosa. Na kadiri riwaya inavyosonga, ndivyo mambo yanavyozidi kupangika. Umu anakutana na ndugu yake Dick uwanja wa ndege, walioibwa wanapatikana, familia zilizokatika zinaunganishwa upya. Nilifurahi kwa ajili yao, sikatai, nililia hata. Ila ninaamini kwamba nchi isiyokuwa na ramani humpa mwandishi uhuru mkubwa mno wa kukutanisha watu. Ungewaandika Umu na Dick katika stendi ya matatu ya Nakuru, ingekubidi ueleze kila mmoja alifikaje pale, kwa nauli ya nani, akitoka wapi.

Nikaendelea na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, ambayo kitinda mimba wangu anaisoma sasa. Hii nayo ina moto. Mtaa wa Matango unachomwa, Mangwasha anakimbia na watoto, na chanzo ni ardhi na uongozi kati ya Waketwa na Wakule katika nchi ya Matuo. Mangwasha nimempenda kuliko mwanamke yeyote katika riwaya hizi za shule. Mumewe Mrima anapotea katika ulevi, ofisi anayofanyia kazi imeoza, na bado anasikiliza, anaunganisha, anawaza. Nawajua wanawake kama yeye, ninawashonea. Lakini hapa tena nilijikuta nikifanya kazi ambayo naamini si ya msomaji: kila nikikutana na Mketwa najiuliza ni nani huyu kwetu, na Mkule ni nani, na huyu Mtemi Lesulia ni yupi katika wale tuliowahi kuwapigia kura. Binti yangu anasema darasani kwao wanafunzi hufanya mchezo huohuo, wakinong’onezana, na kila mmoja anatoa jibu la kabila lake. Kumbe jina la kubuni halikuficha kitu. Limewaacha watoto wajaze nafasi iliyo wazi kwa yale waliyoyasikia nyumbani.

Majina ya watu nayo yananisumbua, ingawa kwa kiasi kidogo. Katika Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora kuna Amani na Imani, kuna Mwalimu Majisifu na Mtemi Nasaba Bora. Ni riwaya tamu, na kisa cha mswada wa Amani kuibwa kilinikasirisha kama vile aliyeibiwa ni mwanangu. Hata hivyo, mtu akiitwa Majisifu nimeshaelewa kabla hajafungua kinywa. Nikipokea kitambaa ambacho tayari kimekatwa, sina la kufanya ila kuunganisha.

Nasema haya nikijua vizuri kwamba Walibora huyohuyo ndiye aliyenionyesha njia ya pili. Siku Njema ya 1996 nimeisoma mara mbili mfululizo, ya pili nikiwa nimeimaliza ya kwanza usiku uliotangulia. Kongowea Mswahili anatoka Tanga, Tanga yenyewe, mwana wa mwimbaji wa taarabu, na anakwenda kumtafuta babake hadi Kitale. Dadangu ameolewa Kitale. Nimeipanda barabara hiyo katika matatu iliyojaa, magoti yakigusa kiti cha mbele, nikiwa na kuku kwenye kikapu. Niliposoma jina la Kitale ndani ya riwaya ya Kiswahili nilijihisi kama mtu anayesikia jina lake likiitwa katika baraza ambalo hakujua amealikwa. Walibora alikulia huko Trans Nzoia, na inaonekana. Alipofariki Aprili 2020 nilikuwa bado sijamsoma, na hilo linaniuma.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ni ya 1971, na nasikitika kwamba nimeipata nikiwa mtu mzima. Rosa ni wa Namagondo, kisiwani Ukerewe, katika ziwa hilihili tunaloliona tukisimama Dunga kule Kisumu. Babake Zakaria ni mlevi, na barua ya mvulana inamletea msichana kipigo ambacho kinaamua maisha yake yote. Riwaya hii iliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania. Mimi ni mama wa mabinti wawili na ningependa wote waisome, na babao aisome kabla yao. Haikunidhuru hata kidogo kujua kwamba kisiwa ni Ukerewe na kwamba mji anaokwenda shule ni Mwanza. Sikuwachukia watu wa Ukerewe. Nilimwona Zakaria kama baba mmoja katika nyumba moja, na kwa sababu hiyo nikawaona akina baba wengi wa Kaptembwo.

Na Vuta n’Kuvute ya Adam Shafi, niliyoinunua kwa shilingi 200 ikiwa haina jalada la nyuma! Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee, anatoroka na kuishia kwa Mwajuma huko Ng’ambo, Unguja, wakati wa Waingereza. Mwandishi anataja Wahindi, Waarabu, Waafrika, anataja mitaa, anataja chuki walizokuwa nazo, na bado ukimaliza unabaki na Mwajuma akicheka na Yasmin akijifunza kuishi. Hiyo ndiyo riwaya niliyoipenda kupita zote. Inawezekana nimeipendelea kwa sababu haikuwa na mistari ya kalamu ya mtoto wa shule, lakini sidhani.

Binti yangu hakubaliani nami, na haki yake niitoe. Anasema riwaya ikitaja Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo na Waluhya kwa majina, na ikaingia darasani, kuna mtoto atakayegeuziwa macho na darasa zima siku sura hiyo ikisomwa. Anasema pia kwamba mwandishi anayetaka kitabu chake kiidhinishwe na KICD, taasisi ya mitaala ya shule, hawezi kujitia matatani. Nilimjibu siku hiyo kwa ukali, kisha nikakaa na maneno yake wiki nzima. Amesema kweli kuhusu mtoto huyo. Nimewaza kuhusu mwanangu mwenyewe mwaka 2009, aliporudi shule mpya na kuulizwa “nyinyi ni wa wapi.” Lakini si lazima kila riwaya iende darasani. Tatizo langu ni kwamba waandishi wetu wa Kenya wanaandika kana kwamba msomaji pekee wa Kiswahili ni mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili. Sisi wengine tupo, Mhariri. Tuko vibandani, tuko malangoni tukilinda usiku, tuko kwenye foleni za hospitali. Shilingi 200 zetu ni pesa pia.

Kuna jambo moja sijaliandika hadi sasa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tulipotoka Afraha hatukurudi Free Area. Tulipata chumba cha kupanga hapa Kaptembwo, kwa bei rahisi, na hatukuuliza kwa nini ni rahisi. Katika mwimo wa mlango, upande wa ndani, nilikuta mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, na kando ya kila mstari herufi moja na mwaka. Kulikuwa na W na kulikuwa na N. Mimi ni fundi, najua kipimo nikikiona. Mtu alikuwa akiwapima watoto wake urefu, na mstari wa juu kabisa ulikuwa wa Desemba 2007. Baadaye majirani waliniambia waliokuwa wakiishi humo ni Wakikuyu, waliofukuzwa na vijana wa upande huu, wengine wao wakizungumza lugha yangu. Wiki ileile mimi nafukuzwa kule, wao walifukuzwa huku. Inawezekana tulipishana njiani.

Nilipopaka rangi chumba kile niliuacha mwimo ule bila rangi. Wanangu niliwapimia mwimo wa pili.

Ningependa kuisoma riwaya ya mlango huo. Lakini mwandishi hawezi kuiandika katika nchi ya Wahafidhina wala ya Matuo, kwa sababu kisa chote kimo katika umbali kati ya Free Area na Kaptembwo, na katika W na N, na katika lugha ambayo kila upande ulikuwa ukizungumza usiku ule. Mwanamke aliyeniletea cherehani lazima awe Mkikuyu katika riwaya hiyo, na vijana waliomfukuza mama wa W lazima baadhi yao wawe watu wangu, la sivyo mimi nitaisoma nikijihesabia upande wa waliodhulumiwa peke yake, kama nilivyofanya nilipoisoma Chozi la Heri mara ya kwanza.

Kama kuna msomaji wa gazeti hili anayeijua riwaya ya Kiswahili inayotaja Free Area, Kaptembwo, Bondeni au Afraha kwa majina yake, naomba aitaje katika ukurasa huu wa barua. Nitaitafuta, na nikiipata nitaifungia mlango tena saa nane mchana.

Fundi wa nguo,
Kaptembwo, Nakuru