Barua ya wazi kwa Meya wa Lawnside: Snow Hill, jina la zamani la mji wetu, lisipotee

Mheshimiwa Meya, habari za kazi. Mi ni jirani yako tu, nakaa hapahapa Camden County, New Jersey, naandika Kiswahili ili na ndugu zangu wa Afrika Mashariki tulio huku wasome, yako nitaitafsiri niilete ofisini mwenyewe.

Mama alikuja kunitembelea toka Tanga nikampeleka kuona nyumba ya Peter Mott. Nyumba ndogo ya mbao, ghorofa moja, imezungukwa na nyumba za juzijuzi, ukipita na mwendo unaikosa. Akaweka kiganja kwenye ubao wa ukuta akauliza, ya nani hii? Nikamwambia ya mkulima mmoja mweusi, mtu huru, mhubiri pia, aliishi hapa na mkewe Eliza kwenye 1845 hivi wakati jimbo la Maryland si mbali na hapa watu bado wanauzwa, na wazee wa hapa wanasimulia alikuwa anawaficha watumwa waliotoroka humu halafu usiku anawapakia kwenye gari la farasi anawapeleka miji ya Haddonfield na Moorestown. Mama akanyamaza. Baadae akauliza, na watoto wa shule wanaletwa hapa wote? Sikuwa na jibu.

Ndo ombi langu hilo Meya. Lawnside ilianza kujitawala 1926, borough, yaani mji mdogo unaojitawala, ya watu weusi wenyewe, meya wao, baraza lao, kipindi ambacho sehemu nyingi za Marekani mtu mweusi hata kupiga kura anazuiwa. Kwa hiyo 2026 ni miaka 100, na naomba sherehe isiishie kwenye nyama choma na muziki (nyama ya Lawnside naipenda, moshi wake naunusa nikiwa bado kwenye gari). Naomba kila mtoto wa county (wilaya) hii aletwe pale aguse ule ubao, wakiwemo wetu waliozaliwa huku wanaodhani historia ya weusi Marekani ni minyororo tu, wajue kulikuwa na watu walionunua viwanja vyao hapa palipoitwa Free Haven, kimbilio la walio huru, halafu Snow Hill, na ile nyumba yenyewe miaka ya 1990 ingebomolewa kama wana Lawnside wasingesimama kuipigania.

Na hayo majina mawili ya zamani yaandikwe makubwa pale barabara kuu ya White Horse Pike, dereva ayasome bila kupunguza mwendo. Watu wa kujitolea kuwatembeza watoto mnapungukiwa? Jumamosi zangu ziko wazi, na mama kasema akirudi huku anataka kupelekwa tena.