Bei inayodhibitiwa iwafikie pia wapangaji na watu wa vijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie bei za mafuta na umeme, suala linalorudi midomoni mwa watu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, pale Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) inapotangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mjadala wetu huishia kwenye kupanda na kushuka kwa bei hizo. Mimi nina hoja nyingine: bei iliyopangwa kwa kanuni hukomea kwenye pampu na kwenye mita, ilhali watu wengi wa kipato cha chini hapa Dodoma hununua mafuta mahali pasipo na pampu, na hutumia umeme wa mita ya mtu mwingine.

Nianze na umeme. Mteja wa majumbani wa kundi la D1, yaani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti, na ukijumlisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, tozo ya nishati vijijini na ya EWURA, inakuwa shilingi 122. Mteja wa kundi la T1, yaani anayezidi kiwango hicho, hutozwa shilingi 292, ambazo kwa makato hayohayo hufika takriban 356. Nafuu ya D1 iliwekwa kwa ajili ya kaya zenye matumizi madogo, na ni nafuu kubwa kwelikweli. Tatizo ni kwamba mita haijui idadi ya kaya, inajua uniti tu. Chukua nyumba ya vyumba sita kule Nkuhungu au Chang'ombe, yenye kaya sita zinazotegemea mita moja. Kila kaya ikitumia uniti 30 tu kwa taa, simu na televisheni, nyumba inafikisha uniti 180 na kuwekwa T1, na kila chumba kinalipa zaidi ya shilingi 10,600 kwa umeme ambao kingekuwa na mita yake kingeulipia shilingi 3,660. Wakati huohuo mtumishi anayeishi peke yake katika nyumba nzima, anayepikia gesi na kushinda ofisini, anabaki D1 bila wasiwasi. Nafuu iliyokusudiwa kwa mnyonge inamfikia mwenye nafasi, na hakuna aliyevunja kanuni yoyote.

Ndani ya nyumba hizo za kupanga bei haina mwenyewe. Majina huandikwa kwenye daftari, mwenye friji huongezewa mchango, pasi hupigwa marufuku, na anayechelewa kuchanga huzimiwa swichi. Kodi ya majengo nayo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hukatwa kupitia LUKU, yaani mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, hivyo mara nyingi humwangukia mpangaji aliyetangulia kununua umeme mwezi huo, ingawa nyumba si yake. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa, vyumba vya kupanga vimekuwa vya kugombaniwa, na mwenye nyumba hana sababu ya kutoa shilingi 320,960 za kuunganishiwa umeme mjini kwa kila mita anayoongeza, wakati wapangaji wanapatikana hata kwa mita moja.

Kwa upande wa mafuta, bei kikomo hujumlisha bei ya soko la dunia, gharama za meli na bima, kodi na tozo zinazozidi shilingi 800 kwa lita ya petroli, faida ya muuzaji wa jumla na wa rejareja, na usafirishaji kutoka bandarini. Ndiyo maana jedwali la EWURA lina bei ya Dodoma mjini, ya Kondoa na ya Mpwapwa, kila moja kivyake. Lakini faida ya rejareja huhesabiwa kwa lita. Kituo kilichopo barabara kuu ya Dar es Salaam, kinachojaza malori usiku na mchana, kinaweza kuishi kwa faida hiyo. Kituo cha kijiji cha ndani huko wilayani Chemba, ambacho wateja wake ni bodaboda na mashine ya kusaga, hakiwezi. Matokeo yake hakijengwi. Petroli hufika kijijini kwa madumu yaliyofungwa nyuma ya pikipiki, humiminwa kwenye chupa za maji ya kunywa na kupangwa juu ya meza kando ya njia, bila kipimo, bila risiti, na akiba yake hulazwa chumbani wanamolala watoto. Bei ni ile atakayotaja muuzaji. Mama mjamzito anayekimbizwa kituo cha afya kwa bodaboda huilipa bei hiyo ndani ya nauli.

Sisemi bei zishushwe kwa amri. Agosti 2011 EWURA iliposhusha bei, baadhi ya makampuni yaligoma kuuza na madereva wakahangaika kutafuta mafuta. Bei isiyofidia gharama huondoa bidhaa sokoni, na anayeumia kwanza ni yule aliye mbali na mji. Kwa umeme, bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeondoa hoja ya zamani kwamba hatuna umeme wa kutosha. Swali lililobaki ni nani anaupata, na kwa bei gani.

Ninachoomba ni kanuni zisogee hatua moja mbele. Faida ya rejareja ya vituo vidogo vya vijijini ihesabiwe kwa kuzingatia lita zinazouzwa, hata kama bei ya pale itapita ya mjini kidogo, kwa sababu bado itakuwa chini ya bei ya chupa na itakuwa na kipimo. Nyumba yenye kaya nyingi ihesabiwe kwa kaya, kwa uthibitisho wa mwenyekiti wa mtaa, na gharama ya mita za ziada ilipwe kidogo kidogo kupitia LUKU. Michango ya umeme kati ya mwenye nyumba na mpangaji nayo iwekewe ukomo, kwa kuwa hayo ni mauzo ya umeme kama mauzo mengine. EWURA inapoitisha mikutano ya taftishi, yaani ya kukusanya maoni ya wadau, wanaofika ni wenye mita na wenye vituo; itakapoitisha mwingine hapa Dodoma, wapangaji wa Nkuhungu na waendesha bodaboda wa Chemba waalikwe kupitia ofisi za mitaa na vijiji vyao, na muda wa kikao uwe ule ambao mtu wa kibarua anaweza kuhudhuria.

Wako,
Mpangaji, Nkuhungu, Dodoma