Kuhusu chunusi za Zuhura

Tanga, 9 Juni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata: uso wa Zuhura umechachamaa, na jirani amekuletea kikopo cha krimu kisicho na lebo. Hicho usimpake. Nakianza hicho kwa sababu kinaweza kumharibu kuliko chunusi zenyewe. Mikorogo mingi hutiwa steroidi kali, yaani dawa za kuzima uvimbe, mfano klobetasoli. Wiki za mwanzo uso unatulia na kung'aa, kila mtu anasifia; baadaye ngozi inakuwa nyembamba, vinazuka vipele vidogo vya ukubwa mmoja, na akiacha ghafla uso unawaka.

Chunusi zenyewe zinaanzia chini. Kila kitundu cha ngozi kina kinyweleo na tezi ya mafuta. Mtoto akivunja ungo, homoni zinaziamsha tezi, mafuta yanazidi, na seli zilizokufa, badala ya kupukutika, zinagandamana nayo na kuziba kitundu. Kikizibwa kabisa unaona kipele cheupe. Kikibaki wazi, ncha inakuwa nyeusi. Weusi ule si uchafu, kwa hiyo dodoki halitautoa. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu wanazaliana humo, mwili unapambana nao, ndipo panavimba na kutunga usaha. Kizibo huwa kimeanza wiki kadhaa kabla hujakiona, ndiyo maana dawa haipakwi juu ya kipele kimoja kimoja bali eneo lote linalotoa chunusi.

Anawe uso mara mbili kwa siku, na akishatoka jasho jingi, kwa sabuni laini isiyo na manukato, vidole tu, kisha ajifute kwa kugusagusa taulo. Kusugua kunachokoza uvimbe. Limau na dawa ya meno vinaunguza, na ngozi yetu ikiungua inaacha doa jeusi linalokaa miezi.

Duka la dawa muulizie jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5. Ile ya asilimia 10 haizidi sana kwa kazi, inazidi kwa kukausha. Apake nyepesi asubuhi, na muonye kuhusu nguo: inachujisha rangi ya kanga, taulo na foronya. Ngozi ikishaizoea, baada ya wiki mbili hivi, aongeze adapalini ya asilimia 0.1 usiku, nayo ni dawa ya kupaka ya kuzuia vitundu visizibe. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kiasi ni punje moja ya njegere kwa uso mzima: atie vitone paji, mashavu na kidevu, kisha asambaze, akiepuka macho, midomo na pembe za pua. Ngozi iwe imekauka kabisa, asubiri kama dakika 20 baada ya kunawa, maana juu ya ngozi mbichi inawasha zaidi. Aanze usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Ikimbanduabandua, atangulize losheni isiyo na mafuta. Wiki za kwanza chunusi zinaweza hata kuongezeka, na wengi wanatupa dawa hapo hapo; nafuu ya kweli huonekana wiki ya 8 hadi ya 12. Mchana apake krimu ya kinga ya jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga, kimeandikwa kwenye chupa) 30 au zaidi, kwani jua ndilo linalokoleza madoa. Adapalini haitumiwi na mjamzito.

Halafu mtazame zimekaa wapi. Zikiwa zimejipanga kwenye paji karibu na nywele, shuku mafuta ya nywele. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa wali; usoni yanaziba vitundu. Akisukwa, apakwe kwenye mistari tu, alale na kitambaa safi. Chakula si mchawi kama watu wanavyosema, ila soda na vitu vya sukari nyingi apunguze, baadhi ya watu huwachochea.

Asitumbue. Akibonyeza, usaha mwingine unasukumwa ndani, na kovu linatokea hapo.

Ukiona vinundu vikubwa vyenye maumivu, makovu yameanza, au hedhi inaruka miezi huku ndevu zinaota kidevuni, usingoje wiki 12. Mpeleke kwa daktari wa ngozi, na hicho kikopo cha jirani uende nacho akione.

Nisalimie Baba Zuhura na watoto.

Wako,
Mama Salim