Vigae vya Kaole visiokotwe kama kombe za pwani

Mhariri,

Msimu wa ziara za shule ukifika, mabasi hujipanga Kaole, kwenye magofu ya kale karibu na Bagamoyo, na jioni wanafunzi hurudi na vigae mifukoni, yaani vipande vya vyombo vya kale vilivyovunjika. Baadhi ya walimu huliona hilo jambo jema, maana darasani litapatikana boksi lililoandikwa "Vigae vya kale, Kaole". Tunaomba nafasi katika safu yako tueleze kwa nini boksi hilo halina la kufundisha, na nini kifanyike badala yake.

Chukua kigae kimoja cha kaure ya Kichina, kijani kilichofifia, ukubwa wa kidole gumba. Kaole kuna makaburi ya nguzo, na nguzo za aina hiyo katika pwani yetu zilipambwa kwa bakuli za kaure zilizopachikwa kwenye chokaa. Kigae hicho kikikutwa chini ya nguzo, pamoja na vipande vya lipu, yaelekea kilidondoka kaburini. Kikikutwa hatua kumi kutoka hapo, ndani ya udongo mweusi wenye majivu, mifupa ya samaki na vigae vya chungu vyenye masizi, basi ni bakuli la chakula lililovunjika likatupwa jaani. Kigae ni kilekile, rangi ileile. Kinachobadilisha habari yake ni vitu kilivyolala navyo. Kigeuze: huenda mgongoni pana chokaa iliyong'ang'ania, nyembamba kama ukucha. Mwanafunzi akifika nyumbani hukisugua kwa sabuni na brashi hadi king'ae, na ile chokaa, ambayo ndiyo ushahidi, inakwenda na maji.

Vitu vilivyokutwa pamoja katika tabaka moja la udongo, wanaakiolojia huviita mkusanyiko. Neno hilo wanalo pia wanaikolojia na wahandisi, kila mmoja kwa maana yake, na makosa mengi huanzia hapo. Kwa fundi, mkusanyiko umekusudiwa. Mlango wa nakshi una kizingiti, miimo, mfaa na mbao zake mbili, kila kipande kimechongwa kikae na mwenzake, na fundi makini huandika namba nyuma ya kila kimoja kabla ya kung'oa msumari wa kwanza. Kwa mwanaikolojia ni viumbe waliokutwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kukutwa pamoja hakuthibitishi kwamba wanategemeana. Kwa mwanaakiolojia ni mabaki tu, yaani kilichonusurika baada ya kutupwa, kukanyagwa, kuoza na kuhamishwa. Anayelisoma lundo la vigae kana kwamba ni vyombo kamili vya nyumba moja anasoma jaa kama mlango.

Ufukweni hali ni mbaya zaidi, kwa sababu maji huchagua: vipande vyepesi hubebwa, vizito hubaki, na kingo za vyote hulainika. Kwenye tope kuna kaa. Mashimo yao hupandisha udongo wa chini, na mizizi nayo husukuma, kwa hiyo kigae cha karne ya 13 kinaweza kulala juu ya kipande cha sahani ya Ulaya ya karne ya 19. Kina peke yake hakitoi umri.

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waelewe haya hahitaji kugusa kitu Kaole. Anunue sokoni vyungu vitatu vya udongo, kimoja kikubwa na viwili vidogo, avivunje, achanganye vigae na majivu, mifupa ya dagaa, mifupa ya kuku na shanga chache, kisha avitawanye na kuvifukia kidogo katika kona ya uwanja wa shule. Wanafunzi wasiambiwe idadi ya vyungu. Wapime mraba wa mita 1 kwa vijiti vinne na kamba, na wahakikishe pembe kwa kupima mshazari: uwe mita 1.41 pande zote mbili. Usipolingana, mraba umepinda, na kigae cha mpakani kitahesabiwa mara mbili au kisihesabiwe kabisa. Kila mraba uwe na mfuko wake, na lebo iandikwe kwa penseli, kwani wino wa kalamu huyeyuka unyevu ukiingia. Lebo mbili, moja ndani, moja nje.

Kisha wachekeche. Nusu ya udongo ipite kwenye chekeche la matundu ya milimita 10, nusu nyingine kwenye wavu wa dirishani wa kuzuia mbu. Chekeche la kwanza litatoa vigae na mifupa ya kuku, na mtu ataapa kwamba watu wa hapo hawakula dagaa. Wavu utaleta mifupa ya dagaa na shanga. Ripoti isiyotaja ukubwa wa matundu haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote.

Sasa waulizwe: vyungu vilikuwa vingapi? Wakihesabu vigae watapotea, kwa kuwa chungu kikubwa hutoa vipande vingi kuliko vile viwili kwa pamoja. Wachague midomo peke yake. Wachore kwenye karatasi duara ndani ya duara, kila moja ikiizidi ya ndani kwa sentimita 1 ya nusu kipenyo, na wazigawe zote mafungu 20, kila fungu likiwa asilimia 5. Kigae cha mdomo kisimamishwe juu ya karatasi hadi kikae sawasawa kwenye duara lake, kisha kisomwe kimefunika asilimia ngapi. Jumla ya midomo ikifika asilimia 280, wamepata vyungu 2.8, na jibu la kweli, vitatu, analo mwalimu. Pengo dogo linalobaki ni vipande vilivyopotea au kusagika, na hilo nalo ni somo.

Kosa jingine ni kulinganisha malundo yasiyo sawa. Ukiokota vigae 30 hapa na 300 pale, pale patakuwa na aina nyingi zaidi hata kama watu wa pande zote mbili walitumia vyombo vilevile. Howard Sanders, aliyechunguza viumbe wa sakafu ya bahari, alipendekeza mwaka 1968 namna ya kulishusha lundo kubwa hadi ukubwa wa dogo kabla ya kulinganisha, na Stuart Hurlbert akairekebisha hesabu hiyo mwaka 1971. Darasani inatosha kuchota 30 kutoka mfuko wa 300, kuhesabu aina, kurudisha, kutikisa, na kurudia mara 20. Kipimo cha anuwai, yaani namba inayoonyesha aina ni ngapi na zimegawanyika sawasawa kiasi gani, kinachotumiwa sana na wanaikolojia, na hata na wanaakiolojia, kilitoka kwa mhandisi wa mawasiliano wa Marekani, Claude Shannon, mwaka 1948. Vigae 100 vya aina tano, 20 kila aina, hupata 1.61, na 100 vya aina tano zilezile, 96 vikiwa vya aina moja na kimoja kwa kila aina iliyobaki, hupata 0.22. Idadi ya aina ni ileile, picha ni mbili tofauti kabisa.

Mikoko iliyo mbele ya magofu inahesabiwa kwa nidhamu hiyohiyo. Kamba ivutwe kutoka majini hadi nchi kavu, na vipimo vichukuliwe kwa umbali uliopangwa tangu mwanzo. Kati ya aina za mikoko, kwa kawaida mlilana hukaa mbele, nyuma yake mkoko wenyewe, msinzi na mkandaa, na mchu hukaa karibu na nchi kavu, ingawa mchu huota pia upande wa bahari. Anayehesabu kutoka barabarani tu atarudi na mchu peke yake.

Na msitu huo umo ndani ya nyumba za mawe za pwani. Vyumba vyake ni vyembamba, mara nyingi mita 2.5 hadi 3, kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ndefu zaidi ya hapo hulegea. Kwa hiyo upana wa gofu lisilo na dari bado unatuambia habari za msitu. Ndiyo maana inauma kuona ukuta wa matumbawe ukizibwa kwa saruji. Chokaa iliyounganisha mawe ni laini na yenye vinyweleo, hivyo unyevu na chumvi hutoka nje kupitia maungio. Saruji hufunga njia hiyo, chumvi huganda ndani ya jiwe, na jiwe hupukutika huku saruji ikibaki imesimama. Kinachofaa ni chokaa iliyolowekwa kwa wiki kadhaa, sehemu 1 kwa 3 za mchanga usio na chumvi, ikipakwa tabaka jembamba na kufunikwa kwa gunia bichi kwa siku kadhaa. Jua likiiwahi itakuwa unga, kwa kuwa chokaa hukomaa kwa hewa ya kaboni na unyevu, haikomai kwa kukauka.

Kuchimba na kuondoa malikale bila kibali kumekatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Lakini maboksi tayari yapo mashuleni, na tumesikia shauri kwamba vigae virudishwe na kumwagwa Kaole. Tafadhali msifanye hivyo. Mtachafua tabaka ambazo bado zimetulia. Vikabidhiwe ofisi ya magofu bila kuoshwa, pamoja na karatasi inayosema lini viliokotwa, upande gani na nani aliyekuwapo. Pale ambapo hakuna anayekumbuka, iandikwe hivyo: mahali hapajulikani.

Wasomaji wako,
Bagamoyo