Shangazi, panda baiskeli mpaka Vigo halafu tembea

Shangazi, shikamoo.

Swali lako la juzi, kwamba ile nadhiri ya kufika Santiago de Compostela, mji wa hija kule Uhispania, uitimize kwa miguu au kwa baiskeli maana goti halikupi raha, nimelala nalo nikaamka nalo, na nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua wapo wengine wenye goti kama lako. Njia ya pwani kutoka Porto, Ureno, nimeipita mara mbili, kwanza kwa baiskeli, mara ya pili kwa miguu, na jibu langu ni ufanye vyote viwili.

Njia nzima ni kama kilomita 280. Ofisi ya mahujaji Santiago inatoa cheti kwa aliyetembea kilomita 100 za mwisho au aliyeendesha baiskeli kilomita 200 za mwisho. Sasa kutoka Vigo, mji wa pwani upande wa Uhispania, zimebaki kama 100, kwa hiyo ukiendesha Porto mpaka Vigo, ukaiacha baiskeli hapo, ukatembea, unahesabika mtembeaji kamili, ila kila siku ugonge mihuri miwili kwenye kitabu chako cha hija, usisahau hilo. Ukigeuza, ukaanza kwa miguu na kumalizia na baiskeli kutoka Vigo, cheti hupati. Baiskeli kodi tu, na kabla hujalipa waulize kama wanaipokea Vigo.

Upande wa Ureno sehemu kubwa ni tambarare, bahari iko kushoto kwako, kwa goti hakuna tatizo kabisa. Tatizo ni upepo. Kiangazi unavuma kutoka kaskazini, wenyewe wanauita nortada, na wewe ndo unaelekea hukohuko kaskazini, yaani unakupiga usoni na mchana ndo unazidi. Mimi siku ya kwanza nilitoka saa tano asubuhi nikijua ni tambarare, nilipopita Póvoa de Varzim nilikuwa nakanyaga pedali kama napanda mlima, machozi yananitoka. Wewe toka alfajiri, mchana uwe umeshafika. Na zile njia za mbao juu ya mchanga utazitamani sana lakini ni za wanaotembea, mbao zikilowa zinateleza, shuka ukokote au pita barabarani.

Caminha unavuka mto Minho kwa boti ndogo, muulize mwenye boti mapema kama anabeba baiskeli, na ukishuka ng'ambo uko Uhispania, saa yako isogeze mbele saa moja. Halafu hosteli za umma kule Galicia, jimbo hilo la Uhispania, wa miguu ndo wanapewa vitanda kwanza, wa baiskeli anasubiri, kwa hiyo mpaka Vigo lala za kulipia zaidi kidogo. Baiona pumzika, ndo bandari ilipoingia meli ya Pinta tarehe 1 Machi 1493 na habari za safari ya Columbus.

Redondela njia yako inaungana na ile nyingine ya mahujaji inayopita bara, watu wanakuwa wengi, bahari unaanza kuiacha, na hapo mimi nilihuzunika kweli. Lakini shangazi, mbele kuna mji wa Padrón. Kanisani, chini ya altare, kuna jiwe ambalo mapokeo yanasema ndipo ilipofungwa boti iliyoleta mwili wa Mtume Yakobo. Watu wanapita haraka, wanapiga picha, wanaondoka. Wewe usiondoke haraka. Kaa pale, mtaje marehemu mjomba kwa jina lake kama ulivyoahidi, hata ukichukua saa nzima.

Kutoka hapo mpaka Santiago ni kama kilomita 25, wengi wanazimaliza siku moja, wewe zigawe, lala Teo, goti lipumzike, uingie mjini asubuhi.

Begi usinunue. Nitajie tarehe nikuletee langu, lile dogo.